Kujengea kaburi la familia baada ya maporomoko ya Hanang: hatua kwa hatua

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, vikapita Katesh, Gendabi, Jorodom na vitongoji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Kuna nyumba ambazo alizikwa mtu mmoja, na kuna nyumba ambazo walizikwa mama, watoto na bibi yao siku moja, makaburi yamepangwa bega kwa bega pembeni ya shamba.

Mimi ni fundi ujenzi. Tangu wakati ule napigiwa simu na watu ambao hawajawahi kujengea kaburi hata moja, na sasa wanatakiwa kujengea manne au matano kwa mpigo. Maswali ni yale yale. Tusubiri muda gani? Tuandike nini? Yule ambaye mwili wake haukuonekana tunamweka wapi? Mchanga ulioletwa na tope unafaa? Nimeandika mwongozo huu ili usianze na kubahatisha. Utakufaa hata kama msiba wenu ulikuwa wa mafuriko au tetemeko, na hata kama uko mbali na Manyara.

Kabla ya saruji na nondo, nakuomba jambo moja, na sitachoka kulirudia: kila aliyelala pale awe na jina lake kamili. Usikubali kibao kinachosema "Familia ya Mzee fulani", wala "Mama fulani na watoto wake wanne". Hao watoto wanne walikuwa na majina, na shuleni waliitwa kwa majina hayo kila asubuhi.

Unachohitaji kabla hujaanza

Kwanza watu. Familia ichague msimamizi mmoja wa kuongea na fundi. Akiwapo shangazi anasema hili na kaka mkubwa anasema lile, fundi atajenga atakavyo mwenyewe. Atafutwe pia mtu mmoja aliyekuwepo siku ya maziko na anayekumbuka nani alishushwa kaburi gani. Mtu huyu ana thamani kuliko mfuko wa saruji.

Vifaa ninavyovitaja hapa ni vya makaburi manne ya watu wazima yaliyo kwenye mstari mmoja, yatakayozungushiwa kitako kimoja, yaani ukingo wa tofali, chenye ukuta mfupi upande wa kichwani. Yakiwa machache au mengi zaidi, punguza au ongeza.

- Tofali za saruji za inchi 6: takriban 140, pamoja na zitakazovunjika
- Saruji ya kilo 50: mifuko 12
- Mchanga safi: mita za ujazo moja na nusu
- Kokoto: mita za ujazo mbili (nusu ya zege, nusu ya kujazia juu)
- Kibao kimoja kwa kila marehemu, cha sentimita 30 kwa 40
- Kamba, vigingi, futi ya kupimia, pima maji, timazi, mwiko, ndoo, toroli
- Magunia au viroba vya zamani vya kufunikia
- Maji. Watu wengi husahau maji. Kama kisima kiko mbali, kodi mapipa kabisa kabla fundi hajafika.

Na daftari. Hili linaanza kazi kabla ya mwiko.

Hatua ya 1: Chora ramani ya makaburi kabla hujagusa kitu

Maziko ya maafa hufanyika kwa haraka. Miili ni mingi, watu wamechoka, mvua bado inanyesha. Misalaba ya kwanza huwa ya mbao laini, imeandikwa kwa rangi au kalamu nene. Msimu mmoja wa mvua na mchwa unatosha kuifuta.

Simama upande wa kichwani, ukiangalia miguuni. Anzia kushoto. Andika kwenye daftari: kaburi la 1 ni la nani, la 2 ni la nani, mpaka mwisho. Pima urefu wa kila tuta na umbali kati ya tuta na tuta. Piga picha ukiwa umesimama mahali hapo hapo. Kisha pigilia kigingi chenye namba kichwani pa kila kaburi, na namba ilingane na daftari.

Onyo hili nalitoa kwa uchungu kwa sababu lilitokea mikononi mwangu. Familia moja iliniita kusafisha nyasi kabla ya kujenga. Vijana wangu waliing'oa misalaba minne wakaiegemeza kwenye mti ili wafyeke vizuri. Saa nane mchana hakuna aliyejua upi ulitoka wapi, na maandishi ya miwili yalikuwa yameshafutika. Tulimfuata bibi wa watoto wale. Alikuja na fimbo yake, akasimama penye kisiki ambapo alikuwa amesimama siku ya maziko, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akatuonyesha: huyu mfupi wa pembeni ni wa mwisho, anayefuata ni mama yake, "kwa sababu nilisema wasitenganishwe." Tangu siku ile sing'oi msalaba mpaka kigingi kimeshaingia ardhini.

Hatua ya 2: Kagua mahali penyewe

Tope la mwaka ule lilibadilisha njia za maji. Palipokuwa shamba pana korongo, na palipokuwa korongo pamejaa mawe. Usidhani maji ya msimu ujao yatapita pale yalipopita zamani. Nenda eneo la makaburi wakati wa mvua, au siku moja baada ya mvua kubwa, uangalie yanatokea wapi na yanakwenda wapi.

Kama kaburi liko pembeni ya mto, kumbuka sheria ya mazingira inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hapo usijenge kitu kikubwa kabla ya kuongea na ofisi ya kijiji au kata. Kama maji yanatishia kuyafikia makaburi, mfereji wa kuyakinga uje kabla ya kitako. Uchimbe upande wa mlimani, hatua tatu au nne kutoka kwenye makaburi, uwe na mteremko wa kutosha, na maji uyaelekeze mahali ambapo hayatamwingilia jirani.

Na kama unaona kabisa kwamba makaburi yatachukuliwa na maji, usifukue mwenyewe hata kama shamba ni lako. Kufukua maiti bila kibali ni kosa la jinai. Anzia kwa mtendaji wa kijiji, atakuelekeza ngazi zinazofuata.

Hatua ya 3: Kusanya majina na tarehe

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu vyeti vilikwenda na nyumba. Usikate tamaa, karatasi za mtu huwa mahali pengi. Kitabu cha ubatizo kiko parokiani au usharikani. Jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto vimo kwenye rejista ya shule aliyoandikishwa. Watoto wadogo waliandikwa kliniki. Watu wazima wana taarifa NIDA, kwenye ofisi za vitambulisho vya taifa, na kwenye daftari la wapiga kura. Kama cheti cha kifo hakijachukuliwa, fuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya na upate kwanza cheti hicho, kisha kibao kifuate maandishi ya cheti. Kibao kikisema hivi na cheti kikasema vile, mtasumbuka kwenye mirathi.

Andika kila jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, na angalau ndugu wawili walisome na kusaini. Majina yetu ya huku yana herufi ambazo watu wa mbali hawazijui. Niliwahi kupeleka kwa mchongaji wa mjini jina la ukoo la Kiiraqw linaloanza na hh mbili. Kibao kilirudi na h moja. Alidhani tumekosea kuandika, akatusahihishia. Granaiti haifutiki. Tulilipia kibao kingine. Kwa hiyo mwambie mchongaji hivi: "Andika kama ilivyo kwenye karatasi, hata kama unaona imekosewa." Na usimpe ruhusa ya kuchonga mpaka akutumie picha ya maandishi yote kama yatakavyokaa.

Maandishi yenyewe yasiwe marefu. Jina kamili, mwaka au tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, na mstari mmoja wa kueleza kilichotokea. Mimi hupendekeza: "Alifariki kwa maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, 3 Desemba 2023." Mjukuu atakayekuja kusimama pale miaka hamsini ijayo hatakuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini tarehe zinafanana.

Angalieni mambo haya matatu:

Kwanza, si wote walifariki siku ile. Aliyefia hospitali wiki moja baadaye ana tarehe yake. Usimwandikie ya wenzake kwa sababu inapendeza kufanana.

Pili, mtoto mchanga ambaye hakuwa amepewa jina aandikwe "Mtoto wa" na jina la mama yake, na apewe kibao chake.

Tatu, mzee ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani, msimkisie. Andika tarehe ya kufariki tu.

Hatua ya 4: Subiri udongo ushuke

Swali la kwanza la kila mtu ni hili, na jibu langu ni moja: usijenge kabla makaburi hayajapitiwa na msimu mzima wa mvua. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Ukizika Desemba, jenga Juni mpaka Oktoba. Na kama unataka kumimina zege juu ya tuta lenyewe, subiri mwaka mzima au zaidi. Udongo uliochimbuliwa na kurudishwa una matundu, na jeneza nalo huja kubonyea. Ukiwahi, zege litapasuka katikati.

Najua maneno ya watu. Wanasema familia imewatelekeza wafu wake. Jirani zetu Wabarabaig wanapomjengea mzee wa heshima bung'eda, lile tuta refu la udongo, shughuli huchukua miezi, hata tisa, na hakuna anayesema wamemtelekeza mzee wao. Wakati mnasubiri, endeleeni kurudishia udongo unapobonyea, ng'oeni nyasi, na mpige uzio wa miti ili ng'ombe wasipande juu.

Hatua ya 5: Pita ofisini

Mwone mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji. Kama ni makaburi ya umma, omba ruhusa ya kujenga, na uulize ukubwa unaoruhusiwa. Kama ni shamba la familia, hakikisha eneo la makaburi linaonekana kwenye karatasi zenu. Kama mna hati ya hakimiliki ya kimila, au mnaiomba, waambieni wapimaji wayaoneshe makaburi kwenye mchoro. Kama hamna, andikeni barua ya ukoo yenye vipimo, mtendaji agonge muhuri, nakala moja ibaki ofisini.

Usilipuuze hili. Wazee wa Kibarabaig wa bonde la Basotu watakuambia jinsi makaburi ya wazee wao yalivyolimwa na matrekta mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa. Na ikitokea siku moja barabara au mradi wa umma unapitishwa hapo, ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo inataka familia ijulishwe na gharama za kuhamisha na kuzika upya zilipwe. Kaburi lisilo na karatasi wala alama ni rahisi kupitwa.

Hatua ya 6: Pima na weka vigingi

Makaburi manne ya upana wa sentimita 90 na nafasi ya sentimita 60 kati yake yanachukua mita 5.4. Ongeza zaidi ya nusu mita kila upande, kitako chako kinakuwa mita 6.5 kwa upana. Urefu wa kaburi ni mita 2.1, ukiongeza pande zote mbili unapata mita 3.2.

Hiyo nusu mita si ya urembo. Msingi lazima ukae juu ya udongo ambao haujawahi kuchimbwa. Fundi akiubana ili kuokoa tofali, ukuta unakaa juu ya ukingo wa shimo, na mvua ya kwanza unalalia ndani. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Vuta kamba, pima pembe kwa pembe. Mistari miwili ya mshazari ikilingana, umbo limekaa sawa.

Hatua ya 7: Chimba msingi na mimina zege

Upana wa mtaro ni sentimita 40. Upande wa kichwani, penye ukuta, chimba sentimita 60 kwenda chini. Pande nyingine tatu zinatosha sentimita 35. Ukikuta udongo wa tope lile lililoletwa, ambao ukiukanyaga unacheza, endelea kuchimba mpaka ufike ardhi ya zamani.

Mimina zege la unene wa sentimita 10, kwa kipimo cha ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Pima kwa ndoo. Koleo haina kipimo, leo imejaa kesho nusu.

Sasa kuhusu mchanga. Ule ulioshushwa na tope umezagaa kila mahali na haununuliwi. Ujaribu kwanza. Chukua chupa ya plastiki ya wazi, weka mchanga sentimita 10, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache usiku mmoja. Asubuhi utaona mchanga umekaa chini na juu yake tabaka la udongo laini. Likizidi sentimita moja, usiutumie kwenye zege wala lipu, utapasuka. Mingi niliyoijaribu Katesh ilikuwa na udongo mwingi. Nunua wa mtoni uliooshwa.

Mawe nayo ni hivyo hivyo. Kuna familia iliyotaka lile jiwe kubwa lililosimama uani kwao liwe jiwe la kaburi, na liko pale mpaka leo, limechongwa sehemu moja na vibao vimepachikwa. Na kuna mama aliyeniambia hataki kuona jiwe lolote la mlima karibu na wanawe. Wote wawili niliwaelewa. Usiamue wewe, na usimwachie fundi aamue. Muulize aliye karibu zaidi na marehemu, muulize peke yake, mbali na kikao.

Hatua ya 8: Jenga ukuta na kitako

Upande wa kichwani, panga kozi (safu za tofali) mbili chini ya ardhi na tatu juu. Ukuta utatokeza kama sentimita 73, urefu wa kutosha mtu asome akiwa amesimama. Pande nyingine kozi moja chini na moja juu. Udongo wa kujengea uwe ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga. Acha matundu madogo mawili chini ya kitako upande wa bondeni ili maji ya mvua yatoke. Bila matundu hayo umejenga bwawa juu ya watu wako.

Mimi napendelea mtindo huu kuliko kumimina zege juu ya kila kaburi. Ni nafuu, hauna cha kupasuka, na vibao vyote vinakaa kwenye ukuta ulio juu ya ardhi ngumu. Mkitaka zege juu, kila kaburi liwe na lake peke yake, la sentimita 10, lenye nondo za milimita 10 zilizopishana kila sentimita 20, na nondo ziinuliwe kwa vibiskuti, vile vipande vidogo vya zege, zisilale chini. Usimimine bamba moja juu ya yote manne. Moja likishuka litawavunjia wote.

Kwa ndugu zetu Waislamu: wengi hawajengei kaburi kabisa, wanaliinua kiasi cha shibiri na kuweka jiwe la kutambulisha. Hatua ya 1 mpaka ya 5 zinakuhusu vile vile. Familia zetu zimechanganyika, unaweza kumkuta Mkristo na Mwislamu wamelala eneo moja. Usimzungushie kila mtu kitako kwa sababu picha itapendeza. Muulize shehe, na umwache aliyezikwa kwa dini yake abaki kwa utaratibu wake.

Hatua ya 9: Lipu na kumwagilia

Lipu ni moja kwa nne. Ukimaliza, funika kwa magunia na umwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba. Jua la Agosti na upepo wa huku hukausha lipu kwa saa chache, na lipu iliyokaushwa na jua hutoka kama ganda. Mkabidhi kijana mmoja wa nyumbani kazi hii na umlipe.

Hatua ya 10: Weka vibao

Kibao cha kila mtu kikae juu ya kichwa chake mwenyewe. Chukua daftari la hatua ya 1, mtu mmoja asome namba kwa sauti, mwingine ashike kibao, wa tatu ahakiki kigingi. Nimeona vibao vimebandikwa kwa kufuata umri kwa sababu ilionekana ni heshima, na mama akawa analia kaburi la mtoto wake mbele ya jina la mwingine.

Granaiti iliyochongwa hudumu. Maandishi ya kupaka rangi juu ya bati au marumaru hupauka kwa jua. Bandika kwa gundi ya vigae na ukaze pembe nne kwa skrubu zisizoshika kutu.

Kama fedha haitoshi, usisubiri miaka. Tengeneza vibao vya saruji mwenyewe. Fomu ya mbao ya sentimita 30 kwa 40, kina sentimita 4, ndani weka kipande cha wavu wa kuku. Mchanganyiko ni moja kwa mbili, mchanga uliochekechwa kwa chujio la unga. Lainisha uso, kisha subiri saa mbili mpaka tatu. Bonyeza kidole: maji yakipanda, bado, kidole kisipoacha alama, umechelewa. Vuta mistari kwa uzi, andika kwa msumari wa inchi 4, herufi zisipungue sentimita 3 kwa urefu. Andika kwanza kwenye karatasi ya ukubwa ule ule na uhesabu herufi, maana majina marefu huishiwa nafasi. Funika kwa gunia bichi siku saba. Kikikauka, pitisha rangi nyeusi ya mafuta ndani ya herufi kwa brashi ndogo.

Mara moja kijana wa miaka kumi na mbili aliniomba aandike cha dada yake. Nilimpa msumari. Herufi ya mwisho ilipinda kidogo, na baba yake alikataa nisiinyooshe.

Hatua ya 11: Asiyeonekana

Aliyepotea kwenye tope na mwili wake haukupatikana, mwekee kibao mwishoni mwa ukuta. Usichimbe tuta la uongo. Watoto watakuja kudhani yumo. Andika jina lake kamili na maneno haya: "Hakuonekana tena tangu 3 Desemba 2023." Acha nafasi ya kaburi moja tupu upande huo ndani ya kitako, hivyo kitako chako kiongezeke mita moja na nusu.

Hatua ya 12: Jaza na bariki

Ndani ya kitako sawazisha udongo, tandaza kokoto sentimita 5, au panda nyasi fupi. Usipande mti ndani, mizizi itainua kitako. Kisha mwiteni padri au mchungaji abariki, na majina yasomwe yote, mmoja mmoja, hata wakiwa saba.

Mambo yakienda kombo

*Ufa mwembamba kwenye lipu, kama unywele.* Lipu ilikauka haraka. Paka maji ya saruji kwa brashi, inatosha.

*Ufa mpana unaopita kwenye tofali.* Msingi umeshuka. Usizibe kwa saruji kwanza. Tafuta maji yanaingilia wapi, yageuze, subiri msimu mmoja, ndipo ubomoe kipande hicho na ukijenge upya.

*Kokoto zimebonyea juu ya kaburi moja.* Ni kawaida mwaka wa kwanza na wa pili. Ondoa kokoto, ongeza udongo, shindilia kwa mikono bila kutumia gogo, rudishia kokoto.

*Maji yanatuama ndani.* Matundu yameziba kwa tope. Yazibue kwa nondo, weka kokoto kubwa mbele yake.

*Jina limekosewa.* Badilisha kibao, usichonge juu yake. Cha zamani kivunjwe, kisitupwe njiani.

*Mwili umepatikana baada ya kujenga.* Toa taarifa polisi na kwa mtendaji kwanza, utambulisho ufanyike, kisha mzike kwenye ile nafasi mliyoiacha. Kama hamkuacha, bomoeni kitako upande mmoja, msimzike nje yake. Kibao cha "hakuonekana" kitolewe, awekewe kingine.

*Ndugu hawakubaliani mtindo.* Jengeni kitako na vibao tu. Msalaba mkubwa, marumaru, paa, vyote vinaweza kuongezwa baadaye. Majina yasisubiri ugomvi uishe.

*Familia imehamia Waret au mbali zaidi, kaburi limebaki kule chini.* Pangeni zamu kwa mwaka, na zamu iandikwe kwenye lile lile daftari lenye ramani. Safari moja ifanyike Oktoba, kabla mvua haijaanza. Chukua panga, jembe, nondo fupi ya kuzibulia matundu, ndoo, brashi ndogo na kopo la rangi nyeusi kwa ajili ya herufi zilizopauka.